Chai ya Wapangaji Wapya

Alipoona tangazo limebandikwa ukutani kwa nje, upande wa barabarani, mshonaji alisimama akalisoma upya. Lilisema majirani wote wanakaribishwa Jumapili uani, na asiyepajua amuulize mama mshonaji, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Alikuwa amemwomba fundi wa kuchomelea alibandike ngazini, ndani ya geti. Fundi alikuta ngazi ina rangi mbichi, akaona heri ukuta wa nje, na kwa nia njema akaongeza maelezo ya mlango.

Aliyebuni shughuli hiyo ni mshonaji mwenyewe. Jengo lilikuwa jipya na kila mpangaji alipita na ufunguo wake na uso wake mkavu. Alisema anataka watu wafahamiane, na hakuwa mwongo. Ila hasa alitaka wawepo wa kuitikia siku atakapopiga yowe. Mume aliyemkimbia aliapa kumsaka popote, na mtu yule hakuwa na mazoea ya kuapa bure.

Alilibandua. Fundi alikuna kichwa, akakiri kwamba lilikuwapo tangu juzi. Maji yakimwagika hayazoleki, mshonaji akajiambia, akaenda kuazima vikombe.

Jumapili uani palijaa. Kila aliyeingia alipokelewa kwa bashasha, maana hakuna aliyemjua mwenzake. Hilo ndilo ambalo hakuliwaza: penye wageni watupu, mgeni haonekani. Alikuwa akimimina chai aliposikia muuguzi, jirani yake wa ukuta mmoja, akisema, "Karibu jirani, sogea kivulini." Alipogeuka, mumewe alikuwa ameketi kati ya fundi na mzee mstaafu, kikombe mkononi, akiwachekesha watoto. Chai ya moto ilimmwagikia vidoleni asiisikie.

Watu wakajitambulisha. Muuguzi alisema yeye hukoroma, wasije wakadhani jengo linabomoka. Fundi aliomba radhi mapema kwa makelele yake. Zamu ikawa inasogea kuelekea kwa mumewe, na mshonaji akawa anapima. Akinyamaza, mtu huyu atakuwa jirani yao. Akisema, ataonekana mleta ugomvi wa ndani kwenye chai ya watu.

"Mimi nimemfuata mke wangu," mume alisema kwa upole, akimwonyesha kwa kidevu. "Tulikwaruzana kidogo, ndoa ni ndoa. Naomba mnisaidie kumbembeleza arudi nyumbani."

Watu waliguna kwa huruma. Mzee mstaafu alisema mume mnyenyekevu namna hii haachwi barabarani, na nyuma yake mtu akapiga makofi.

Mshonaji aliweka birika chini. Alifungua kifungo cha mkono wa gauni. Akaukunja mkono ule mrefu hadi juu ya kiwiko, ngozi ilipokuwa imejikunja na kung'aa.

"Hapa palichomwa kwa pasi yangu ya kunyooshea nguo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Aliyeishika ni yeye. Sirudi. Na leo amekwisha jua mlango wangu."

Mzee alitazama viatu vyake. Mume alitabasamu, akatikisa kichwa kama anayemsikitikia mtoto, akainua kikombe chake.

Kabla hakijamfika mdomoni, muuguzi alikuwa amesimama mbele yake. Alikitoa mkononi mwake taratibu, kikiwa bado na chai.