Grini Isiyo na Shimo

Wake wenza wa watu wengine wana miguu na midomo, mtu unajua ugomvi utauanzia wapi. Wangu mimi alikuwa nyasi. Tena nyasi za grini ya mwisho, lile duara lililonyolewa fupi ambako mchezaji wa gofu anamalizia kwa kutumbukiza mpira shimoni. Mume wangu ndiye mkuu wa nyasi pale klabuni, na mimi napiga reki mchanga wa mabanka, yale mabonde ya kutegea mipira, kwa hiyo hiyo ndoa yao nilikuwa naiona kazini na kuisikia tena nyumbani.

Kisa kilianzia kwa mchoraji wa uwanja, Mungu amsamehe, maana mimi bado. Alitaka uwanja ukae kama bustani ya kifalme: nyasi katikati, miti mikubwa huku na huku. Ile grini ya mwisho akaibana chini ya miti minene kabisa, ikatoka vizuri kwenye picha. Jua la asubuhi likawa halifiki, nyasi zikashikwa na ukungu, zikafa mabaka mabaka kama kichwa chenye mapunye. Mume wangu akaapa hazitaishia mikononi mwake. Akapunguza matawi, akapanda upya, akazipepea kwa feni la sebuleni kwetu, sisi tukabaki na joto letu. Jua likiwa kali alizinyunyizia maji kidogokidogo huku akiziuliza hali. Mimi nilipoumwa jino aliniambia ninywe maji nilale.

Haya, vyaelea vimeundwa: nyasi zikapona. Likaja shindano la wataalamu, wale ambao gofu ndiyo kazi yao, na meneja akamwita mume wangu ofisini. "Kukitokea aibu yoyote," akamwambia, "kazi huna, na nyumba ya klabu unahama." Nyumba yenyewe ndiyo tunayolala na watoto wetu, sasa wewe pima roho yangu ilivyokuwa juu.

Asubuhi ya shindano mwamuzi alipita kila grini akiweka doa la rangi pale anapotaka shimo. Nyuma yake mume wangu na kikatio, bomba la chuma lenye makali na mpini. Unalizungusha, linang'oa kibonge cha udongo na nyasi zake, shimo hilo. Akakata kumi na saba bila kupepesa jicho. Kwenye ya kumi na nane, ile ile ya mwisho, akasema, "Hii nitairudia."

Naenda kupiga reki banka la mwisho, wachezaji wa kwanza wanakaribia kabisa, namkuta mwenzangu kasimama katikati ya grini pekupeku, amekumbatia kikatio. Grini laini, nzima, haina hata tundu la sindano.

"Baba watoto, shimo liko wapi?"

"Lipo njiani."

"Ebo! Shimo ni basi?"

"Mke wangu, hebu zitazame zilivyolala. Mgonjwa ndiyo kwanza ameinuka, unamtoboaje?"

"Hii ni gofu! Bila shimo wale watu watapiga mpira mpaka lini? Mpaka wastaafu? Na sisi tulale wapi leo?"

Machozi yalimlengalenga, jamani, mwanamume mzima na kitambi chake.

"Lete hapa!" Nikamnyang'anya kikatio. "Siku hii nimeingoja kwa hamu." Wala sikumficha. Nilikuwa na hasira ya feni, hasira ya jino, na hasira ya maneno matamu yote yaliyopita pembeni yangu kwenda kwa majani. Nikavua mabuti, nikapiga magoti penye doa, nikaweka kiganja chini nijishikize.

Loo! Sikuwa nimewahi kuzigusa. Zilikuwa za ubaridi, zimeshikamana, laini kama utosi wa mtoto mchanga. Nikasema moyoni, kumbe muda wote huu mtu huyu alikuwa hapa akifanya kitu hiki. Nikasukuma kikatio, mkono ukagoma. Nikasukuma tena, kilio kikanitoka, kile cha kwikwi na makamasi.

"Vipi tena?" akauliza.

"Siwezi! Ni nzuri mno, mwanamume wewe! Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuambia kila siku?"

"Uliniambia mbolea! Hukuniambia hivi!"

Mwamuzi akaja mbio na kigari chake, meneja kaning'inia nyuma. Wakatukuta tumepiga magoti, tumeshikana, tunalia kama tumefiwa. Na huko nyuma mchezaji wa kwanza keshapiga. Mpira ukadondoka, ukabiringika, ukasimama karibu na goti langu.

"Shimo!" meneja akapiga kelele. "Nyumba mnahama leo hii!"

Mume wangu hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, vilevile alivyozoea kuzitazama nyasi zake. Akanifuta pua kwa mkono wa shati, akacheka. "Kumbe tuko wawili," akasema. Akachukua kikatio, akafumba macho, akakata.

Mwamuzi akatumbukiza shimoni kile kikombe cha kushikilia bendera, akasimika na bendera yenyewe, sisi tukatimua mbio. Yule mtaalamu akaugusa mpira kidogo tu, nao ukateleza mpaka ndani. Watu wakashangilia. Mwamuzi akaja kumpa mume wangu mkono, akasema grini nzuri hivi hajaiona, na meneja, ghafla meno yote nje, akasema nyumba ni yetu tukae tu.

"Sasa kesho," mwamuzi akaendelea, "hili mnaziba, mnakata jingine upande wa pili. Keshokutwa jingine. Ndivyo mashindano yanavyokwenda."

Nikaona mabega ya mume wangu yanalegea. Nikaokota reki yangu, nikasimama mbele ya mwamuzi.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "sikio langu lilitobolewa mara moja tu, na hereni zote zimepita humohumo. Hao wataalamu wako nao wapite humohumo."