Nilivyomfukuza Baba Kazi

Redio ya gari ilikoroma kwamba ndege imebakiza dakika nne kutua. Mbele yangu, ukingoni mwa lami, baba alikuwa ameinama anafyeka majani.

Nilikuwa mkaguzi wa njia ya kurukia ndege. Yeye alikuwa mfyekaji wa kwanza wa uwanja huo, enzi ulipokuwa udongo mtupu, kibanda kimoja cha bati, na mbuzi wa kuswagwa kila ndege ilipokaribia. Ikaja lami, zikaja taa, likaja jengo la ghorofa, kisha njia ya pili iliyomeza mtaa wetu mzima. Baba akastaafu. Baadaye kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka, na majina yetu yalitangulia kupotea. Asubuhi hiyo alivaa ovaroli yake ya zamani, akapita getini, mlinzi akamwamkia akidhani ni kibarua.

Kwa redio niliomba mnara wa kuongozea ndege usiiruhusu itue kwanza.

"Itazunguka mara moja tu, dada," mwongozaji alijibu. "Mafuta hayatoshi zaidi. Mtoe huyo mtu."

Nilishuka mbio. "Baba, twende nyumbani. Mama anakusubiri."

Alinitazama kama mgeni, kisha akaitazama sare yangu. "Namalizia kipande changu, bosi."

Nikamvuta mkono. Akainua fyekeo, yeye ambaye hakuwahi kunipiga hata kofi. Nikapiga magoti kwenye lami ya moto, nikamtajia jina langu, la mama, la kaka yangu tuliyemzika. Hakuna lililomgusa.

"Imeshageuka, dada!" redio ilipiga kelele.

Nikasimama, nikafuta machozi, nikakaza sauti. "Mzee, kuanzia sasa huna kazi hapa. Lete fyekeo."

Akanikabidhi fyekeo. "Bosi, nina binti yuko shule," alisema. "Nihurumie. Ana akili sana yule."

"Panda gari."

Akapanda. Niliondoa gari kwa kasi, na mngurumo wa ndege ukatupita nyuma huku baba akilia kimyakimya, uso ameugeuzia dirishani.

Aliishi miezi mitano mingine. Kila nilipoingia nyumbani alisimama wima, mikono nyuma, akaniuliza kama nafasi imepatikana. Nikaanza kuvua sare kazini na kurudi na gauni la kawaida.

Bado alinitambua: bosi aliyemfukuza.