Lusweti Kavalishwa Viatu

Nelima alinikuta kishambani kwangu Silanga nikimwagilia sukuma wiki. Hakunisalimia. Ni Mama Sella, mke wa rafiki yangu Lusweti wa Kawangware, na si mtu wa kunyima salamu.

"Baba Kaluki, ile picha yako imemtoa mume wangu kanisani."

Picha niliipiga zamani, mimi na Lusweti tukiwa walinzi wa ghala la simiti huko Ghuba, Uarabuni. Siku ya ofu tulienda kuutazama msikiti mkuu wa mji ule. Lusweti amesimama uani, kanzu nyeupe, kilemba cheupe, miguu mitupu juu ya marumaru. Nguo hizo ni za kanisa lake la Roho. Alizibeba kutoka nyumbani, na hakuwa na nyingine za kuingilia nyumba ya Mungu, iwe ya nani. Juzi mwenzetu wa kazi, Kimotho, akaitupa picha kwenye grupu, ikaruka ruka hadi simu ya Mzee Shivachi, kiongozi wa kanisa.

"Wanasema aliswali huko, akageuka. Wamemwambia avae viatu."

Nilijua maana yake. Kwao wanaingia ibadani miguu mitupu. Ukiambiwa uvae viatu, unakaa nje ukutani, unasikia ngoma na huchezi. Na vile Lusweti anavyopenda kucheza.

"Jumapili uje useme yaliyotokea. Wewe ndiye ulikuwa naye. Lakini ukileta chumvi yako, umemmaliza."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Hapa Kibera, kuanzia Soweto West mpaka Ayany, watu wameshasikia vile mfalme wa kule alinipa ngamia, ngamia akakataa kupanda ndege.

Jumapili nilimkuta Lusweti kwenye benchi nje ya kanisa la mabati, viatu vyeusi vinang'aa kama vya mtu anayeenda kuzikwa.

"Nimeambiwa nisilete ngamia," nikamwambia.

"Hata mbuzi usilete."

Shivachi akatoka mlangoni, waumini nyuma yake. "Ndugu Ndeti, tunakujua."

"Najua mnanijua."

"Mlienda kuswali?"

"Tulienda kutazama. Wageni wanaruhusiwa. Mle ndani kuna taa moja, ukiileta Kawangware, utahamisha watu wote kwanza..."

Nelima akakohoa.

"Taa ilikuwa kubwa," nikasema.

Wakacheka, ila Shivachi hakucheka. "Na yeye alifanya nini?"

"Alisimama kwenye zulia. Tangu tutoke nyumbani hakuwa amekanyaga mahali pa sala kwa miguu mitupu. Akafumba macho, akalia bila sauti. Mtu wa pale akamuuliza kama ni mgonjwa, akamletea maji. Akanywa, akasema asante."

"Halafu?"

"Halafu tukatafuta basi."

Niliwaona wakivunjika moyo. Hata mimi nilivunjika. Nimezoea hadithi inayojibeba yenyewe, na hii ilikuwa imelala pale chini kama kitambaa.

"Mtu anaweza kulia kwa dini yoyote," Shivachi akasema. "Na kwa nini nikuamini wewe?"

Lusweti alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwa kutafuta tafuta la kusema, nikatoa neno ambalo sijawahi kulitia kwenye hadithi yoyote, kwa sababu linaniudhi.

"Na tena alinichongea. Pale mlangoni, kabla hajaingia, aligeuka akaangalia tulikotoka, mkono kifuani, akataja jina langu kwa sauti. Asubuhi tulikuwa tumegombana, niliunguza sufuria yake ya ugali. Nikajua ananishtaki kwa askari wa mlango. Nilimnunia mpaka kambini."

Wamama wakaangaliana.

"Wewe umewahi kuingia kwetu?" Shivachi akauliza polepole.

"Mimi ni Mkatoliki wa Kitui. Hizo ngoma zenu nazisikia nikipita barabarani."

Akamgeukia Lusweti. "Ulimtaja?"

"Nilimtaja. Singeingia na sufuria moyoni."

Ni Nelima aliyenieleza, sauti ya chini. Kwao hakuna anayevuka mlango na ugomvi. Unageuka, unamtaja aliyekukosea, unamwachilia pale nje, kisha unaingia. Hawafundishi wapita njia, kwa hiyo singeweza kuyatunga.

Miaka yote hiyo nimejihesabu mshtakiwa, kumbe nilisamehewa mbele ya watalii. Nilitafuta kitu cha kuchekesha cha kusema, hakikuja.

"Vua viatu," Shivachi akasema.

Lusweti akafungua kamba taratibu, moja, nyingine. Akasimama mlangoni, akageuka kutuangalia, mkono kifuani. Nikadhani atanitaja tena, kwa ajili ya picha.

"Shivachi," akasema.

Yule mzee akainamisha kichwa. "Nimesikia."

Akampisha apite. Ngoma ikaanza, na kupitia mlangoni niliona nyayo za rafiki yangu zikigonga sakafu kama za kijana.

"Baba Kaluki, na wewe vua uingie," Nelima akaniita.

Niliangalia soksi zangu, ambazo zina siri zake. "Tangulieni, Mama Sella. Nikianza kutaja majina hapo mlangoni, mtamaliza ibada mnikute bado."

Akacheka, akaingia. Nikakaa kwenye benchi la Lusweti, kando ya viatu vyake. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikaweka mkono kifuani, nikaanza na wale rahisi.