Kafara ya Mas Wignyo

Siku hizi watu wa chuo wana somo la kila kitu, hata sadaka. Hafsari alipokuja kupanga chumba changu cha mbele aliniambia anasomea udaktari, nikafurahi, maana magoti yananisumbua. Kumbe si udaktari wa magoti. Anachunguza namna Waislamu wanavyotoa: zaka, wakfu, sadaka, nani anampa nani, kwa nini, na aliyepewa anajisikiaje. Nikamwambia, "Binti, aliyepewa anajisikia ameshiba. Andika hivyo, umeshamaliza." Akacheka, na akaandika kweli.

Nilimpenda, nisiwe mnafiki. Ni mtoto wa watu, ana adabu, anafua nguo zake mwenyewe na anakula chochote. Ila alikuwa na ile tabia ya wasomi, kwamba kitu kikifichwa basi lazima kifunuliwe.

Alichokuja kukichunguza hapa Kotagede, kwetu Wajava, ni uzio wetu. Kila Ijumaa asubuhi sisi wanawake wa mtaa tunaning'iniza vifuko vya chakula kwenye uzio wa msikiti wetu mdogo. Huyu wali, yule mboga, mwingine mayai. Mwenye shida anapita na kuchukua. Hakuna anayegawa, hakuna anayesimamia, na ukipita pale unageuza uso upande wa pili. Hata anayechukua akiwa mkweo, hukumwona. Chakula kikishaning'inia si cha fulani tena, ni cha Mungu. Ndiyo maana kaka yangu aliweza kukila.

Kaka yangu ni Mas Wignyo, na "Mas" kwetu ni kaka; alikuwa mfua fedha. Alikuwa na mkono wa ajabu mpaka macho yalipomtupa. Mama yetu alipokaribia kufa aliniachia mimi hii nyumba, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza. Mas Wignyo akasema Mama hakusema hivyo mbele ya shahidi. Tukafikishana kwa kadhi, mimi nikashinda, na pale pale nje ya mlango, mbele ya majirani, akala kiapo: "Wallahi, kitu cha nyumba ile hakitaingia kinywani mwangu." Akahamia chumba cha kupanga nyuma ya soko. Mkewe akafa, mwanawe akaenda Kalimantan akanyamaza huko. Mimi na yeye tukipishana kichochoroni, anageuzia uso ukutani, nami natazama viatu vyangu. Miaka imekatika hivyo. Wote wawili shingo ngumu, tumezirithi kwa baba.

Basi kila Ijumaa nilikuwa napika brongkos, ule mchuzi mweusi wa kunde, kama alivyopika Mama, na ngozi ya ng'ombe ndani yake, kwa sababu Mas Wignyo anapenda ile ngozi. Naning'iniza kwenye uzio mapema, upande wa kisima. Anakuja na fimbo yake, anapapasa, anachukua. Nilikuwa najua kwa sababu kifuko kingine chochote kilichoning'inizwa upande ule alikiacha. Huo ndio ulikuwa undugu wetu. Mdogo, lakini ulikuwepo, na mimi nilikuwa naishi kwa huo.

Hafsari aliponihoji nilimweleza yote. Aliniuliza vizuri, tena nilikuwa nasuka vikapu vya majani, mikono ikiwa na kazi mdomo wangu hauna breki. Akafurahi mpaka akasimama. Akasema wanazuoni wamekwisha kusema kwamba sadaka bora ni ile anayopewa ndugu aliyekuwekea kinyongo moyoni, na yeye kwa vitabu vyote alivyosoma hajawahi kumwona mtu anayeitoa.

"Sasa umemwona," nikamwambia. "Hana meno ya nyuma na anadaiwa bili ya umeme. Usiniandike jina."

"Siandiki, Bu," akasema, yaani mama. "Kwetu ni sheria. Nitakuita Bu Mawar."

"Na Mas Wignyo?"

"Yeye simpi jina kabisa. Nitasema 'kaka yake' tu."

Nikaridhika. Nilidhani jina ndilo linalomtambulisha mtu.

Utafiti ulipokwisha, akasema adabu ya kazi yao ni kuwarudishia watu matokeo, wasichukue tu na kuondoka. Tukakusanyika msikitini baada ya alasiri, wanaume mbele, sisi nyuma, chai na vikeki vyangu vya nazi vikizunguka. Mas Wignyo naye alikuja, akakaa karibu na nguzo. Hafsari alivaa vizuri. Akaeleza habari za watoaji na wapokeaji, watu wanaitikia kwa vichwa, wengine wanasinzia kistaarabu. Halafu akasema anataka kumaliza kwa kisa kimoja kilichomgusa.

"Yupo mama mmoja, tumwite Bu Mawar," akasoma. "Kila Ijumaa hupika brongkos yenye ngozi ya ng'ombe kama aliyopika mama yake, na kuining'iniza upande wa kisima, kwa ajili ya kaka yake aliyeapa kutokula kitu cha nyumba yake."

Yarabi. Mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayepika brongkos Ijumaa. Mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyeapa. Jina alilificha, akaacha chungu wazi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Vichwa vya akina mama vikanigeukia mimi, vya wanaume vikamgeukia yeye. Mzee mmoja, sitamtaja, akasema kwa sauti ya mzaha, "Kumbe kiapo kinashuka vizuri na wali." Wawili watatu wakacheka. Hafsari akakunja karatasi zake katikati ya sentensi. Mas Wignyo akainuka, akatafuta viatu vyake kwa mguu, hakuvipata haraka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Ijumaa iliyofuata nilipika. Kifuko kilibaki pale mpaka sisimizi wakakivamia. Ijumaa ya pili vilevile. Pak Jumeno, mzee aliye jirani yake kule nyuma ya soko, akaniambia Mas Wignyo anakula viazi vitamu vya kuchemsha, tena kimoja kwa siku, na anaumwa. Nilijua anachoumwa, ni sukari, hata baba yetu iliondoka naye. Nikampa Pak Jumeno chakula ampelekee, nikamwambia aseme ni cha mkewe. Kikarudi. "Amekinusa tu," akasema Pak Jumeno, "akaniambia nikurudishie, na kwamba mke wangu hajui kupika hivi."

Nyumbani nilikuwa simsemeshi Hafsari. Namwekea chakula, naondoka. Alilia, aliomba radhi, alisema atakifuta kisa chote kwenye tasnifu yake. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Utafuta na kwenye masikio ya watu? Ulikuja kuchunguza jinsi tunavyopeana, umetuvunjia chombo tulichopeania. Mimi ndugu yangu alikuwa anakula. Unaelewa? Alikuwa anakula."

Kesho yake akatoka asubuhi, akarudi, na macho hayakuwa mekundu tena. Sikumuuliza. Siku zilizofuata alikuwa ananizungukazunguka jikoni kama mtu mwenye neno mdomoni, nami sikumpa nafasi ya kulisema.

Akalisema siku moja baada ya alasiri, nikiwa nachambua mchele.

"Bu, leo magharibi Mas Wignyo atakuja hapa kufuturu."

Ungo ulinidondoka.

Akanieleza. Asubuhi ile alikwenda kwa Mas Wignyo kumpigia magoti. Akamwambia kiapo kina kafara, njia ya kukitoka, dini haikumfungia mtu mlango: alishe maskini kumi, kisha ale kwa dada yake bila deni kwa Mungu. Mas Wignyo akamjibu, "Binti, maskini ndiye mimi. Hao kumi nitawalisha nini?" Ndipo Hafsari akamwambia asiyeweza kulisha anafunga siku tatu. Alitaka kumlipia yeye hao maskini kumi, akakataa, akasema kinywa kilichoapa ni chake, acha kilipe chenyewe.

"Alikuwa anajua, Bu," akasema. "Tangu Ijumaa ya kwanza. Aliniambia, 'Mchuzi ule ndio ulionilea, niusahau? Ila kwa kuwa hakuna aliyesema, nilikuwa nakula cha Mungu. Wewe umesema. Sasa lazima nile cha dada yangu.' Leo ndiyo siku ya tatu. Kaniambia nisikwambie kitu, ataingia mwenyewe aone utasema nini. Na kaniuliza kama bado unazidisha pilipili."

Nilisikia furaha na hofu kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia. Hofu ndiyo iliyosema.

"Hafsari, kaka yangu ana sukari."

Akanitazama.

"Mgonjwa hafungi. Wewe uliyesoma vitabu vyote, hukumuuliza kama ni mgonjwa?"

"Hakusema, Bu. Nilimuuliza kama ataweza, akasema yeye ni Mjava, amezaliwa amefunga."

Nilijitupia mtandio nikatoka. Nilifika langoni, mkono uko kwenye komeo, nikasimama. Nilimjua kaka yangu. Nikimtokea mlangoni kwake, atakuwa ameletwa, hatakuwa amekuja. Ataona aibu, atageuka, na kinywa chake hakitafunguka tena mbele yangu mpaka kiama. Na jua lilikuwa limeshainama, zimebaki saa mbili hazijafika. Miaka yote hii, nikasema, nishindwe kungoja saa mbili? Nikarudi jikoni.

Sijawahi kupika vile. Nilimtuma Hafsari ngozi kwa muuza nyama, akaenda mbio. Nilipunguza pilipili. Nilitandika mkeka mpya, nikaweka sahani yake mahali anapokaa mwanamume wa nyumba, nikaweka tende na chai isiyo na sukari. Nilibadili nguo. Nilijiandalia maneno, nikayaona yote ya kijinga, nikaamua nitamwambia tu, "Mas, umechelewa, mchuzi unapoa." Kana kwamba ametoka sokoni. Hafsari alicheka niliposema, nami nikacheka, tukawa tumepatana bila kuambiana.

Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma kabla ya wakati wa adhana. Kinapokoroma mapema hivyo, mtaa mzima unanyamaza, kila mtu anajua ni msiba, anangoja tu jina.

Wakalisoma jina lake lote, pamoja na la baba yetu.

Pak Jumeno ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma ya mlango, ameegemea ukuta, amevaa shati lake la batiki la sikukuu na kofia yake, viatu mguuni, fimbo mapajani. Pak Jumeno aliniambia Mas Wignyo alioga mapema, akamwomba amchane nywele za kisogoni kwa kuwa hazioni. Pak Jumeno akamuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo. Akamjibu, "Kwa mdogo wangu." Akasema atakaa kwanza kidogo, kichwa kinamzunguka, jua likipungua atakwenda.

Alikuwa anakuja. Nimelisema hilo kwa kila aliyekuja kunipa pole, nikalisema tena kwa wale waliokwisha kulisikia. Yule mzee wa mzaha naye nilimwambia, nikamwangalia usoni mpaka akatazama chini. Alikuwa anakuja, ameshavaa.

Tulimzika asubuhi, ubavuni mwa Mama. Mwanawe alipiga simu kutoka Kalimantan, akalia, akakata.

Watu walipoondoka nilimkuta Hafsari jikoni, amekaa chini karibu na jiko lililozimika. Hakuwa amelala wala kula.

"Bu, ni mimi niliyemwambia afunge."

Nilijua anangoja niseme si wewe, ni ajali, ni siku yake. Hayo ndiyo maneno tunayopeana, hayana gharama, na nilikuwa nimeyapokea tangu alfajiri kwa kila mtu. Nikayatafuta ya kumpa nisiyaone. Nilikuwa nampenda bado, na sikuweza kumtazama.

"Kaoshe vyombo," nikamwambia.

Akainuka, akaviosha vyote. Na sahani ya kaka yangu, ambayo hakuna aliyekuwa ameilia chakula, akaiosha pia.