Mtoto Aliyemsubiri Mgeni Rasmi

Kila asubuhi mshonaji alipokaa kwenye cherehani, mwanawe aliuliza kutoka tumboni:

"Mama, mgeni rasmi amefika?"

"Bado. Wanasema yuko njiani."

"Basi na mimi nasubiri."

Siku zake za kujifungua zilikwisha kupita zamani. Wenzake aliobeba nao mimba walikuwa wameshawaachisha watoto kunyonya, naye bado anafumua vishati vya mwanawe na kuviongeza kitambaa. Kosa lilikuwa lake. Mtoto wa kwanza alimzaa sakafuni, koridoni mwa zahanati, nusura wafe wote wawili. Safari hii aliapa kwa sauti, mkono tumboni, kwamba huyu atazaliwa kitandani. Mtoto akasikia, akashika neno. Wodi mpya ya zahanati ilikuwa tayari na vitanda vimetandikwa, ila mlangoni pamefungwa utepe mwekundu, na utepe haukatwi na mtu hivi hivi.

"Kwani mkasi hamna?" aliuliza mama mkwe.

"Mkasi tunao, mama," alijibu mkunga. "Mgeni rasmi ndiye hatuna."

Hatimaye akaja, amechelewa kama ilivyo ada. Akakata utepe, akapigwa picha akinyoosha shuka, akatoka uani kuhutubia. Papo hapo, katikati ya umati, uchungu ukamshika mshonaji. Mkunga akamkokota hadi wodini, wakakuta vijana wa lori wanatoa kitanda cha mwisho.

"Jamani, si mnaona mtu anajifungua?"

"Tuwie radhi, dada. Kesho vinazinduliwa kwingine."

Akazaa koridoni, palepale pa zamani, akilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Mtoto akainuka, akajipangusa vumbi. Mama mkwe akamvika kishati chake, kikamkaa sawasawa. Akatoka naye uani, ambako binti wa kukabidhi maua alikuwa amepitiwa na usingizi, hivyo mshereheshaji akampa mtoto shada ampelekee mgeni rasmi.

"Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa," alisema mtoto, maana hotuba za mazoezi alizisikia sana akiwa ndani. "Kitanda cha mama kiko wapi?"

Mgeni rasmi akampapasa kichwa, akasema mtoto huyu ana akili, atafika mbali. Watu wakapiga makofi.

Mkunga alikuwa amerudi mlangoni. Aliunga vipande vya utepe kwa fundo, akaufunga upya, asije mtu akaingia wodini kabla ya mgeni rasmi mwingine.