Aliyepiga Mwano

Jumanne, tarehe 14 Machi, 1995. Asubuhi ukungu mzito ulikuwa umekaa juu ya ziwa, na mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Nilipofungua mlango sikuliona ziwa. Nilisikia tu maji yakigonga mawe, na mtu mmoja akikohoa ndani ya mtumbwi wake, huko huko ndani ya ukungu.

Nilisimama nikamsikiliza. Kikohozi chake kilinifikia kama vile yuko jikoni kwangu. Nikasema, "Asante, Bwana," maana hilo ndilo nililokuwa nimeliomba. Shemeji yangu Nkwabi alikuwa ameniambia wiki nzima kwamba kwenye ukungu mtu hawezi kujua sauti imetoka majini au imetoka nchi kavu. Sasa nilijua kwamba anaweza.

Siku hiyo nilitakiwa Mahakama Kuu, mjini Mwanza, katika kesi ya kuuawa kwa mume wangu, Luhende. Mshitakiwa alikuwa kijana mmoja tu, Malimi, na kosa lake likithibitika, hukumu yake ni kunyongwa.

Odeta alikuja kunisindikiza. Ni jirani yangu, tunauza naye mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu, na jioni tunasoma naye darasa la watu wazima pale parokiani Kirumba. Aliniangalia miguuni.

"Paskazia, umevaa viatu vya Pasaka! Unakwenda kutoa ushahidi au kupata kipaimara?"

"Nikifukuzwa leo, nifukuzwe nimevaa vizuri."

Alicheka, halafu akaacha. Alijua sikuwa natania. Nyumba ninayokaa iko katika uwanja wa ukoo wa Luhende. Nilipokataa kurithiwa na Nkwabi, niliachiwa nikae pale kwa sharti la kunyamaza. Mimi ni Mhaya, ndugu zangu wako ng'ambo ya ziwa, na hapa sina mtu wa kunisemea ila Mungu na Odeta.

Niseme kwanza yaliyotokea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na viwanda vya minofu vikaanza kununua sangara kwa pupa. Wavu mzuri ukawa mali ya kuibwa. Luhende alitega nyavu zake jioni, na alfajiri, kwenye ukungu kama huu, akaingia mtumbwini kwenda kuzitegua. Mimi nilikuwa juu ya jiwe nasugua sufuria. Nikamsikia akipiga kelele, "Acheni nyavu zangu!" Nikasikia kishindo cha mti kwenye mwili, na maji yakaruka. Halafu nikasikia watu wawili wakijitosa na kuogelea kuelekea matete.

Baada ya hapo mwano ukapigwa.

Kwa Wasukuma mwano ni kilio cha hatari. Akiusikia mtu hana ruhusa ya kubaki ndani. Anatoka na alichoshika, na asiyetoka anatozwa faini na sungusungu, walinzi wa jadi. Kwetu Bukoba tunapiga enduru, lakini nimeishi huku kiasi cha kutosha kuujua mwano. Huu ulitoka majini. Ulipigwa mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara ulikuwa karibu zaidi, mpaka mtumbwi, ukisukumwa na mawimbi, ukatoka ndani ya ukungu, nami nikamwona anayeupiga. Alikuwa kijana nisiyemjua. Miguuni mwake kulikuwa na nyavu zetu, zinachuruzika maji. Mikono yake yote miwili ilikuwa nje ya mtumbwi, imemshika Luhende kwapani, kichwa cha Luhende kikiwa juu ya maji.

"Mama, nipokee!" alisema. "Wamempiga kasia. Tulikubaliana nyavu tu. Mtu hatukukubaliana!"

Niliingia majini nikampokea mume wangu. Watu walikuwa wameshaanza kumiminika. Walimtoa yule kijana mtumbwini, wakampiga mpaka mwenyekiti wa mtaa alipowazuia. Nilipiga kelele kwamba ndiye aliyemtoa majini, lakini nani anamsikiliza mwanamke aliyelala juu ya mume anayekufa? Luhende alikata roho kabla jua halijatoka. Nkwabi alifika watu wameshajaa, anafunga vifungo vya shati.

Askari walipokuja nilikuwa nimefunikwa kanga ndani, na kwa desturi ya pale mjane aliye katika matanga hazungumzi na wageni. Nkwabi ndiye aliyezungumza. Aliulizwa nani alipiga mwano, maana aliyepiga wa kwanza hushukuriwa mbele ya watu wote. Akasema, "Mimi." Akashukuriwa. Mwaka haukuisha akawa kamanda wa sungusungu.

Yule kijana, Malimi, alipojitetea kwamba aliyeupiga ni yeye, watu walicheka. Mwizi gani anajiitia sungusungu?

*

Kwenye baraza la mahakama tuliwakuta wameshafika, Nkwabi na mama mkwe wangu, Teodora. Nkwabi alivaa koti la kijivu. Jana yake alikuwa amesimama kizimbani akaapa kwamba mwano aliupiga yeye.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba," alijibu bila kunitazama.

Nkwabi alinivuta pembeni, lakini hakupunguza sauti. "Shemeji, usisahau. Utaulizwa marehemu ni nani, ulimwona lini mara ya mwisho. Jibu, kisha ukae. Ukiulizwa mengine, kulikuwa na ukungu."

"Ukungu ulikuwepo. Nitausema."

"Na kwamba hukuona."

"Niliona."

"Wewe Mhaya unajua nini habari za mwano?"

"Najua kwamba anayeupiga hawi wa mwisho kufika."

Odeta aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Nkwabi alimgeukia. "Na wewe muuza mapanki, nani kakuita?"

"Nimejiita mwenyewe, kamanda. Hata mimi nimesikia mwano."

Hapo Nkwabi alinisogelea mpaka nikanusa sabuni ya shati lake. "Sikiliza. Nimeshaapa. Ukisema tofauti, unanipeleka mimi jela. Ukirudi leo, vyombo vyako utavikuta barabarani. Shule ya jioni imekuharibu kichwa."

Nilisali ndani kwa ndani sala fupi, ile ninayosali nikitwishwa beseni zito: Bwana, shika upande wa pili. Nikamjibu, "Sufuria zangu ni chache, Nkwabi. Hutachoka kuzitoa."

Mama mkwe ndiye aliyeniumiza. Aliinuka kwenye benchi, mfupi, ameshika rozari aliyopewa na Luhende. "Mwanangu amekufa," alisema, "na wewe mke wake unamtetea aliyemuua."

"Mama, aliyemuua alikimbilia matete na mwenzake. Hadi leo hajapatikana. Tukimnyonga huyu, kesi itafungwa. Nani atamtafuta yule?"

"Huyu si alikwenda naye? Si alikaa mtumbwini?"

"Alikwenda naye. Ni mwizi. Simpendi, mama, na sijaja kumpenda. Afungwe kwa nyavu, nitapiga makofi. Lakini Luhende hakufa peke yake majini. Huyu alimshika."

Alinisogelea. Halafu akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Alimshika wapi?"

"Kwapani. Kama mtoto anavyoshikwa akiogeshwa."

"Mama, usimsikilize," alisema Nkwabi.

Mama mkwe hakumsikiliza yeye wala mimi. Alirudi kwenye benchi akaanza kusogeza punje za rozari, na sikujua anaomba nini.

*

Wakili wa serikali alitoka kunitafuta. Alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, joho lake jeusi limepauka mabegani. Aliniambia maneno yale yale ya Nkwabi, ila kwa adabu: nitaulizwa kuhusu marehemu, si zaidi.

"Baba, naomba kuuliza," nilisema. "Aliyebaki mtumbwini, ambaye hakupiga mtu, ananyongwaje?"

Hakunidharau. Alikaa kwenye ukingo wa baraza. "Mama, watu wakikubaliana kwenda kufanya uovu, na katika uovu ule mtu akafa, sheria haiishii kuuliza mkono wa nani ulishika kasia. Inauliza walikuwa na nia gani pamoja, na kama kifo kile kilikuwa jambo la kutazamiwa katika safari yao. Unakwenda kuiba nyavu za mvuvi, ziwani, usiku. Mvuvi akitokea, ulidhani itakuwaje? Kwa hiyo wote wanaweza kukibeba kifo, aliyepiga na aliyeshika mtumbwi."

"Hata aliyekataa?"

"Kukataa moyoni hakutoshi. Lazima awe amejitoa, na ionekane amejitoa."

"Na akipiga mwano akiwa bado amekanyaga nyavu za wizi?"

Alivua miwani. "Nani alipiga mwano?"

"Malimi."

"Shemeji yako ameapa jana kwamba ni yeye."

"Najua."

"Mbona hukusema mwanzo?"

"Nilisema siku ile, nikiwa nimemlalia marehemu. Baada ya hapo aliyeulizwa ni mwingine, na mimi niko ndani ya kanga. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa mimi."

Alifuta miwani kwa ncha ya joho, muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Nilidhani atanikaripia. Mimi ni shahidi wake, na nilikuwa nakwenda kumharibia kesi.

"Itabidi nimwambie wakili wa utetezi," alisema hatimaye. "Atakuuliza yeye, nami sitakuzuia. Lakini sikuahidi kitu, mama. Jaji na wazee wa baraza wanaomshauri wanaweza kusema mwano ule ulichelewa, kwamba pigo lilikuwa limeshatua. Wanaweza kusema alijiokoa mwenyewe tu. Mwano hauondoi wizi."

"Sitaki uondoe wizi. Ila hakuna mtu anayejiokoa kwa mwano, baba. Uulize ufukwe wote. Angetaka kujiokoa, matete yalikuwa palepale. Alijua watakaokuja watampiga, na aliwaita."

"Hilo uliseme ndani, si kwangu," alisema, akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Una mahali pa kulala leo?"

"Kwangu!" Odeta alidakia. "Kitanda ni kimoja na anakoroma, lakini kwangu."

Nilitoa rozari yangu. Sikuomba Malimi aachiwe, maana hilo si langu kuamua. Niliomba sauti yangu isikatike, kwa sababu darasani nikiitwa kusoma mbele ya wenzangu hukatika, na mwalimu wetu Renatha hunigongea meza: tena, Paskazia, kwa sauti, waliokaa nyuma nao wamekuja kusoma.

Karani aliita jina langu.

Ndani kulikuwa na baridi. Jaji alikaa juu, na pembeni yake wazee wa baraza watatu, wawili wanaume na mmoja mama wa makamo mwenye kitambaa cha kijani. Nkwabi aliingia akakaa mstari wa mbele, mahali ambapo nisingeweza kutazama mbele bila kumwona. Mama mkwe alikaa nyuma, mbali naye. Malimi alikuwa kizimbani chake, amekonda, sikio moja limekunjika tangu kipigo kile. Aliniangalia mara moja, akainamisha kichwa. Alidhani nimekuja kummalizia.

Nilipanda kizimba cha mashahidi. Karani akanipa Biblia, akaniambia nifuatishe maneno yake. Nilifungua kinywa, na sauti ikatoka nusu. Nkwabi akajikohoza kwa nguvu.

"Shahidi," alisema jaji, "mahakama haikusikii. Rudia."

Wakili wa serikali alikuwa ameinamia karatasi zake. Wakili wa utetezi alikuwa amesimama tayari, nikajua ameshaambiwa. Kule nyuma mama mkwe aliinua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Hakutabasamu. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja kuambiwa mwanawe alikufaje.

Nilibana Biblia kifuani. Sikungoja karani anitangulie.

"Mimi Paskazia, mjane wa Luhende," nilisema, na safari hii sauti ilifika mpaka ukutani, "naapa kwa Mungu aliyekuwepo ziwani asubuhi ile, mbele yako Mheshimiwa Jaji, na mbele ya wazee hawa, na mbele ya mama aliyemzaa marehemu: nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, yote, sitamwongezea mtu na sitampunguzia mtu, na aliyepiga mwano nitamtaja kwa jina lake."