Mji Aliopewa Bi Hamdiya

Ijumaa baada ya chakula, watu wakishajinyoosha sebuleni kule kwao Hail, ndiyo saa ya vitendawili vya Bi Hamdiya. Hata mjukuu wake Reem, aliyekwenda kusoma Italia katika mji wa Lucca, hakosi. Simu huegemezwa kwenye birika la kahawa, uso wake ukatokea, akacheza na wenziwe.

"Kitendawili," akasema Bi Hamdiya.

"Tega, Bibi."

"Babu yangu kalala kaizunguka nyumba, wajukuu wanampanda mgongoni, wala hageuki."

Reem akasema chatu. Akasema mlima. Akasema mkeka uliokunjwa. Bibi anatikisa kichwa tu, anamenya chungwa lake.

"Khalas, nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Ndiyo desturi. Aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huenda kwa maneno, akahadithia alivyofika na alivyokula huko, ndipo akalitoa jibu. Na mji usiompendeza ana haki ya kuukataa.

"Nakupa Sur."

"Sur nshakwenda, nlirudi na homa."

"Nakupa Salala."

"Manyunyu matupu, nguo hazikauki."

"Bibi nawe una maringo. Haya, nakupa Lucca."

Bi Hamdiya akaliweka chungwa, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Hapo umenipa mji. Nimeupokea. Jibu nitakupa nikifika."

"Ukifika wapi?" akauliza Jaifar, mwanawe, ndiye baba yake Reem, aliyekuwa keshaanza kusinzia.

"Lucca, baba. Si umesikia nnapewa?"

Jaifar akakaa kitako. Mwaka mzima mama yake anamuomba ampeleke akaone anapoishi mjukuu wake, na mwaka mzima jibu lake ni lile lile: magoti, Mama, tutakwenda mwakani inshallah. Bi Hamdiya alikuwa na khofu moja tu, kwamba hiyo mwakani ije, nayo magoti yawe yameshagoma kabisa.

"Mama, huo ni mji wa mchezo."

"Wa mchezo vipi, na mtoto wako analala humo?"

Kwenye simu Reem alicheka mpaka picha ikawa inatikisika.

"Basi tufanye hivi," akasema Jaifar, ambaye ni mhandisi wa barabara na hajapata kukiri kuwa lipo jambo limemshinda. "Nikilijua jibu kabla ya mwezi kwisha, unakaa. Nikishindwa, nakupeleka."

Mwezi ule ulikuwa na raha yake. Jaifar akiwa kazini Ruwi anampigia mama yake simu: "Bomba la maji?"

"La, baba."

"Foleni ya magari?"

"Babu gani huyo anapiga honi?"

Mkewe alimkuta anachora chatu kwenye karatasi ya kufutia mikono, chakula kinapoa. Mwezi ulipokwisha akaja kwa mama yake na bakuli la halwa, uso umemshuka. "Na mie nakupa Lucca," akasema.

Walifika siku ya jua la baridi. Ukuta wa mji ule ni mpana kama barabara, juu yake kuna miti na viti, watu wanatembea na kuendesha baskeli, na mji wote uko ndani na mapaa yake mekundu. Reem alikodi kwa saa moja kigari cha magurudumu manne cha kukanyaga kwa miguu. Bi Hamdiya akapandishwa, buibui likafungwa vizuri lisiingie kwenye mnyororo, akakaa kama bibi harusi. Jaifar akakanyaga.

"Polepole, baba, umebeba watu."

Kila anayepita, Bibi anamwambia hujambo. Mzee mmoja mwenye mbwa akavua kofia, akajibu kwa Kitaliani, wakaelewana.

Walipofika mbali kidogo Jaifar akaacha kukanyaga. Akautazama ukuta ulivyojipinda mbele yao, akawatazama watoto wa baskeli, akayatazama mapaa.

"Mama, tuko mgongoni mwa babu."

Bi Hamdiya alicheka mpaka akashika chuma cha kigari.

"Yaani mie nalala ndani yake na sikumjua?" Reem akauliza. "Nani kakwambia, Bibi?"

"Si wewe? Sikukuu ulinionesha kwenye simu watu wanavyotembea juu. Nkasema, huyu nimempata."

"Sasa nimelijua," akasema Jaifar. "Ningelijua mwezi ule, ungekaa nyumbani."

"Haya, nirudishe."

Jaifar hakucheka. "Si ungeniambia tu, Mama, kuwa unataka hasa."

"Nlikwambia. Ukanijibu magoti. Haya hapa magoti, tumekuja nayo."

Jaifar akayatazama yale magoti, yamekaa pamoja chini ya buibui. Kisha akainama, akakanyaga. Walipokaribia pale walipokodi kigari, mwenyewe akawainulia mkono.

"Baba, saa yetu imekwisha," akasema Reem.

Jaifar naye akamuinulia mwenye kigari mkono, akampita, akaendelea kuzunguka.